Hoteli za kifahari Maldivi: tazama ramani kabla ya kutazama kitanda

Fungua tovuti yoyote inayouza vyumba Maldivi, picha ni zile zile: chumba cha mbao juu ya maji, bwawa dogo mbele yake, trei ya matunda inayoelea. Hoteli ni zaidi ya 150 na zote zinafanana kama mapacha. Ndiyo maana watu hulipa dola 1,000 kwa usiku kisha wakarudi wakilalamika kwamba bahari haikuwa na samaki, au kwamba siku mbili kati ya tano zimeliwa na uwanja wa ndege. Kitanda hakina lawama, kwa bei hiyo ni kizuri kila mahali. Kisiwa na kisiwa hutofautiana kwa yale yasiyopigwa picha: unavyofika, mwamba ulio mbele ya ufuo, na upande unaotoka upepo katika mwezi uliouchagua.

Maldivi ina visiwa 1,192 katika atoli 26, zimetandazwa karibu kilomita 870 kutoka kaskazini hadi kusini. Neno "atoli" dunia imeliazima kwa wenyeji, ambao kwa Kidivehi husema atholhu. Ni pete ya mwamba wa matumbawe: ndani maji yametulia, nje kina kinaporomoka ghafla, na juu ya pete hiyo mchanga umejikusanya hapa na pale ukawa kisiwa. Kila hoteli hukaa kwenye kisiwa chake peke yake. Hakuna duka la jirani wala mgahawa wa ng'ambo ya barabara, kwa sababu barabara yenyewe hakuna. Ukikosea kuchagua, umekosea kwa siku zote ulizolipia.

Safari ya mwisho

Kutoka Nairobi au Dar es Salaam, njia ya kawaida hupitia Doha, Dubai au Abu Dhabi. Malé, mji mkuu wa Maldivi, iko digrii 4 tu kaskazini mwa ikweta, ng'ambo ya bahari ukitokea pwani ya Somalia, lakini abiria hupandishwa hadi Ghuba kisha akateremshwa tena kwa saa 4 hivi. Saa za Malé ziko mbele ya zetu kwa saa 2. Hoteli nyingi huongeza saa 1 nyingine kwa hiari yao, ili jua la jioni lichelewe kuzama, kwa hiyo ukiandikiwa kwamba utachukuliwa saa 4 asubuhi, uliza ni saa 4 ya Malé au ya kisiwa.

Ukitua Velana, uwanja ulio kwenye kisiwa cha Hulhulé, bado hujafika. Hoteli za karibu hukuchukua kwa spidiboti, mchana au usiku, hata kwenye mvua. Za mbali hutumia ndege ya majini. Za mbali zaidi, hasa atoli za kusini, hutumia ndege ya ndani ya nchi inayotua kwenye uwanja mdogo, kisha spidiboti.

Ndege ya majini ndiyo inayouzwa kwenye mabango, na ndiyo yenye masharti mengi. Ni Twin Otter ya viti 15 hivi, injini mbili, miguu ya kuelea, marubani wakiirusha pekupeku. Inaruka kwa kuona kwa macho, hivyo ni mchana tu. Kama ndege yako ya kimataifa inatua baada ya saa 9:30 alasiri, hesabu kwamba siku hiyo hutafika kisiwani. Utalala Malé au kisiwa jirani cha Hulhumalé, kwa gharama yako, na usiku mmoja wa hoteli uliokwisha kulipiwa utapita bila wewe. Kurudi ni vivyo hivyo: ndege ya kimataifa inayoondoka kabla ya saa 3 asubuhi inakulazimisha kutoka kisiwani jana yake. Kwa hiyo unapotafuta tiketi, anza na saa ya kutua Malé, ndipo utazame bei. Tiketi iliyopungua dola 120 lakini inatua saa 12 jioni imeshakugharimu zaidi ya hapo.

Ratiba yenyewe haipangwi hadi jioni ya jana yake. Kampuni hukusanya majina ya wageni wa siku, ikawaunganisha kwa visiwa vilivyo njia moja, ndipo ikatoa saa. Safari ya dakika 35 inaweza kuwa ya dakika 70 ikiwa ndege itatua kwanza kwenye visiwa viwili vya hoteli nyingine. Hakuna namba za viti. Ndani kuna joto na kelele. Wanagawa vizibo vya masikio, vitumie. Mzigo ni kilo 20 wa kukabidhi na kilo 5 wa mkononi, na unapimwa kweli, maana ndege ndogo ikibeba mafuta mengi lazima ipunguze kitu kingine. Kinachopunguzwa mara nyingi ni mabegi, ambayo hufuata kwa ndege ya baadaye. Weka nguo ya kuogelea, dawa, miwani ya macho na chaja kwenye zile kilo 5. Siku za upepo mkali wa kusi, maji yakichafuka mahali pa kutua, ndege husubiri, na hapo hakuna wa kumlaumu.

Nauli ya kwenda na kurudi kwa mtu mzima kwa kawaida huwa kati ya dola 400 na 700, na hotelini huandikwa kama kitu cha pembeni. Ndege ya ndani huwa na bei ya chini kidogo na ina faida moja kubwa: inaruka hata usiku. Atoli ya Baa, kwa mfano, ina uwanja wa Dharavandhoo. Hoteli kadhaa za atoli hiyo huweza kumpokea anayetua Malé jioni kwa kumpandisha ndege ya ndani hadi hapo na kumalizia kwa boti. Usipouliza, hawakwambii, watakupangia hoteli ya kulala mjini.

Kusoma kisiwa kwa setilaiti

Kabla ya kusoma maoni ya mtu yeyote, fungua ramani ya setilaiti, andika jina la kisiwa, kisha sogeza karibu mpaka uone gati. Tafuta mstari ambapo rangi ya maji inabadilika kutoka kijani cha feruzi kwenda buluu nzito. Huo ndio ukingo wa mwamba. Ukingo huo ukiwa mita 30 hadi 60 kutoka ufukweni, unavaa miwani na mrija, unatembea hadi majini, na dakika tatu baadaye uko juu ya ukuta wa matumbawe, pono wakitafuna na kasa akipita chini yako. Ukingo ukiwa mita 400 huko, au ukiona feruzi tupu kila upande, umepata bwawa kubwa la mchanga. Ni zuri kwa watoto na kwa picha, lakini samaki utawafuata kwa boti, na kila boti ina bei.

Tazama pia umbo. Kisiwa cha asili kina kingo zilizopinda na rangi ya kijani iliyokolea katikati. Ukiona mistari iliyonyooka kama imepigwa rula, minazi iliyopandwa kwa safu na mchanga mweupe hadi katikati, hicho kimejazwa kwa mchanga uliofyonzwa kutoka chini ya bahari. Kivuli hakuna, na mwamba wa karibu huwa umefukiwa na vumbi la ujenzi. Ukiona vikuta vya mawe vimejipanga mbele ya ufuo kama meno, ufuo unaliwa na bahari na wanapambana nao.

Majina nayo husema kitu. Kinachoishia na -fushi au -dhoo kwa kawaida ni kisiwa cha haja, chenye udongo na miti. Finolhu ni fungu la mchanga, kama mafungu yetu ya pwani, lenye vichaka vichache au bila kitu. Hoteli ikisimama juu ya finolhu, ujue sehemu kubwa ya unachokanyaga kililetwa na mashine. Kandu ni mlango kati ya miamba, ambapo mkondo hukimbia. Hoteli iliyo kando ya kandu ina samaki wakubwa na kuzamia kwa hali ya juu, lakini mtu asiyejua kuogelea vizuri asiingie upande huo peke yake.

Jambo moja litampendeza aliyezoea Paje au Jambiani: maji kupwa na kujaa huko ni tofauti ya mita 1 hivi, hata wakati wa bamvua. Kwetu Unguja hufika karibu mita 4, na bahari inaondoka ikakuacha na mwani na chaza. Maldivi bahari haiondoki. Hata hivyo mita hiyo 1 inatosha kufanya mwamba wa kina kifupi usipitike wakati wa kupwa. Hoteli nzuri huwa na milango iliyowekewa alama ya kuvukia; uliza iko wapi siku ya kwanza, kabla hujachubuka magoti.

Na usiamini sifa ya mwamba iliyoandikwa zamani. Joto la bahari la 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya kina kifupi nchini humo, la 2016 likarudia, na 2024 maji yalipanda joto tena. Tumbawe likipata joto kupita kiasi hufukuza vijimea vinavyolilisha, linabaki jeupe, na joto lisiposhuka ndani ya wiki chache linakufa. Mwamba uliosifiwa 2015 unaweza leo kuwa kifusi, na kisiwa cha pili yake kikawa hai kwa sababu mkondo baridi unapita hapo. Tafuta picha za chini ya maji zilizopigwa na wageni miezi sita iliyopita, na zilizopigwa bila boti.

Kaskazi, kusi, na mwezi unaoitwa mbaya

Hapa msomaji wa pwani ana nafuu kuliko Mzungu. Maldivi inaendeshwa na pepo zile zile zilizoendesha majahazi yetu. Kaskazi, ambayo wao huiita iruvai, hukauka na kutulia tangu Januari hadi Aprili. Kusi, hulhangu kwao, huja Mei hadi Oktoba na mvua na mawimbi. Tofauti ni kwamba kusi yetu hutoka kusini na kusini-mashariki, lakini ikishavuka ikweta hupinda, ikifika Maldivi inavuma kutoka magharibi.

Maana yake kwa mwenye kuchagua chumba ni hii. Ukienda Julai, chukua upande wa mashariki wa kisiwa, yaani upande wa demani, uliokingwa na upepo. Vila zinazotazama machweo, ambazo huuzwa ghali zaidi, wakati huo hupigwa na upepo usoni. Mapazia hayakai, ngazi ya kushukia majini inafungwa, na chini ya sakafu maji yanagonga usiku kucha. Ukienda Februari, geuza: mashariki ndiko kwenye upepo, magharibi kumetulia. Mchanga nao huhama na misimu. Ufuo mpana wa Machi mbele ya vila namba fulani unaweza Agosti kuwa ukuta wa mizizi, na mchanga wote umekwenda kulala upande wa pili. Iandikie hoteli uwaulize ufuo uko upande gani katika mwezi wako. Wanajua, maana wanauona kila mwaka.

Bei za juu ni Desemba hadi Machi, na kilele ni wiki ya Krismasi na Mwaka Mpya, ambapo hoteli nyingi hukulazimisha kulipia karamu za tarehe 24 na 31, utake usitake. Wakati wa kusi chumba kile kile hupungua sana. Wauzaji husema ni msimu mbaya. Kwa anayetaka jua la kila siku, ni kweli. Kwa anayetaka viumbe, ni uongo, na mfano wake mkubwa ni Hanifaru.

Hanifaru ni ghuba ndogo isiyo na watu upande wa mashariki wa atoli ya Baa. Msimu wa kusi, mkondo unavuka atoli kutoka magharibi kwenda mashariki ukibeba viumbe vidogo vinavyoelea. Maji yakijaa kwa nguvu, hasa siku za bamvua za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, yanasukumana na mkondo huo, na chakula chote kinaingizwa ndani ya ghuba kama uchafu unaokusanyika konani. Taa manta, wale samaki wapana wanaoogelea kama wanapiga mabawa, huja kwa makumi wakizunguka midomo wazi, na papa potwe mara nyingine. Msimu ni Mei hadi Novemba, kilele Julai hadi Oktoba. Kuzamia kwa mtungi ni marufuku. Unaruhusiwa miwani na mrija tu, na mwongozaji mwenye kibali, dakika 45, kwa kulipa kiingilio. Baa yote ni hifadhi ya UNESCO tangu 2011. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kupanga safari ya Baa ni kufungua kalenda ya mwezi. Chagua usiku tano zinazozunguka mwezi mpevu wa Agosti au Septemba, kisha ndiyo utafute hoteli.

Papa potwe peke yake si sababu ya kupanda ndege hadi huko. Wako kusini mwa atoli ya Ari mwaka mzima, ndiyo, lakini wako pia Kilindoni, Mafia, kati ya Oktoba na Machi, kwa sehemu ndogo sana ya gharama.

Tano za kulinganisha

Baros, atoli ya Malé Kaskazini. Ilifunguliwa 1973, mwaka mmoja baada ya hoteli ya kwanza kabisa ya nchi. Spidiboti dakika 25 kutoka uwanja wa ndege, saa yoyote. Kisiwa ni kidogo na mwamba uko karibu na ufuo. Anayetua usiku, au mwenye usiku tatu tu, asitafute mbali. Ndege ya majini kwa usiku tatu ni kutupa pesa. Upungufu wake ni ujirani: usiku unaona taa za mji, na boti za hoteli nyingine hupita.

Soneva Fushi, Baa, kwenye kisiwa cha Kunfunadhoo, tangu 1995. Hiki ni kisiwa kirefu chenye msitu wa kweli, karibu kilomita 1.4, na vila zimejificha kwenye miti kiasi kwamba kutoka baharini huzioni. Viatu unavuliwa ukishuka kwenye ndege na unatembea kwa baiskeli. Kwa mwenye familia na mfuko mnene, ni bora kuliko mahekalu ya marumaru yaliyokuja baadaye. Msitu una mbu, hasa baada ya mvua. Anayetangaza kisiwa chenye msitu kisicho na mbu anakupima akili.

Four Seasons Landaa Giraavaru, Baa pia, tangu 2006. Ukitaka taa manta, chaguo liko hapa: shirika la utafiti la Manta Trust lina kituo kisiwani, na hoteli huweza kukupigia simu wanapoonekana, ukakimbilia boti. Wana pia hospitali ya kasa. Bwawa la maji ya feruzi ni kubwa, hivyo usitarajie ukuta wa matumbawe nje ya kila mlango.

Six Senses Laamu, mbali kusini, tangu 2011. Ndege ya ndani hadi Kadhdhoo, kisha boti dakika 20 hivi. Vila nyingi ziko juu ya maji. Ina wimbi la kuteleza, Yin Yang, ambalo ni la wanaojua kazi, si la kujifunzia. Kinachoipa alama ni nyasi za baharini. Hoteli nyingi huzing'oa ili maji yaonekane feruzi kwenye picha. Hawa wameziacha, na kasa wanakuja kulisha. Mgeni asiyejua hulalamika kwamba bahari ni chafu.

Park Hyatt Hadahaa, atoli ya Huvadhoo, karibu na ikweta. Ndege ya ndani hadi Kooddoo, saa 1 hivi, na boti nusu saa. Fungua setilaiti uone: buluu nzito imekizunguka kisiwa kizima. Kwa miwani na mrija bila kulipia boti, ni vigumu kuipita. Vila ni 50 hivi na hakuna mbwembwe. Anayetaka muziki na mabwawa matatu atachoka siku ya pili. Kusini huku mvua haifuati sana misimu, inaweza kunyesha hata Februari.

Angalizo la samaki aitwaye kikande, kwa yeyote atakayeogelea kwenye miamba hii. Yule mkubwa wa manjano na kijivu akiwa na mayai hulinda eneo linalopanuka kama faneli kuelekea juu. Akikujia, usipande juu, ogelea kando kwa mlalo hadi utoke kwenye duara lake. Meno yake yanavunja matumbawe.

Bili

Bei ikiandikwa na alama mbili za kujumlisha, bado haijaisha. Kuna ada ya huduma asilimia 10, kisha kodi ya utalii, ambayo tangu Julai 2025 ni asilimia 17, nayo hutozwa juu ya ile ada. Zidisha kwa 1.287. Juu ya hapo kodi ya kijani, dola 12 kwa mtu kwa usiku katika hoteli hizi tangu Januari 2025.

Chukua watu wawili, usiku tano, chumba cha dola 1,000. Hizo 5,000 zinakuwa 6,435. Kodi ya kijani 120. Ndege ya majini kwa dola 600 kila mmoja, 1,200. Chakula ambacho hakikuwa kwenye bei, tuseme dola 150 kwa mtu kwa siku, kinafika 1,930 na kodi zake. Jumla ni karibu dola 9,700, na bado hujazamia, hujaenda Hanifaru, hujanywa kahawa ya pili. Hapo ndipo kifurushi cha vyakula vyote, kilichoonekana ghali mwanzoni, huanza kuleta maana. Lakini soma ndani yake: vingine vinahesabu mgahawa mmoja tu kati ya mitano, na hiyo minne mingine unapewa punguzo. Mgahawa wa chini ya bahari wa hoteli ya Conrad kwenye kisiwa cha Rangali, uliofunguliwa 2005 mita 5 chini ya maji, una bei yake pekee. Unakula samaki huku wenzake wakikutazama.

Kama unachotaka hasa ni taa manta na si kitanda, kijiji cha Dharavandhoo kina nyumba za wageni na boti zinazofika Hanifaru kwa dakika chache. Pombe hakuna, nguo za kuogelea ni za ufuo uliotengwa tu. Taa manta ni wale wale.

Chakula, ibada na karatasi

Maldivi ni nchi ya Kiislamu, na hili wauzaji wa Ulaya hawaligusi. Visiwa vya hoteli vimeruhusiwa pombe na baadhi hupika nguruwe, kwa hiyo anayejali halali aulize kama majiko na mafuta vimetengwa. Hoteli kubwa hujibu bila kusita. Msikiti wa wafanyakazi huwepo nyuma, karibu na makazi yao, na mgeni Mwislamu akiuliza huelekezwa kwa furaha. Wakati wa Ramadhani huduma kwa wageni haibadiliki, ila wanaokuhudumia wamefunga.

Asubuhi uliza mas huni. Ni jodari aliyechambuliwa, nazi mbichi iliyokunwa, kitunguu, pilipili na ndimu, vimefinyangwa kwa mkono na kuliwa na roshi, ambayo Mswahili ataitambua kuwa chapati. Nazi hukunwa kwenye kigoda chenye meno, ndugu wa mbuzi yetu. Hoteli huificha pembeni mwa meza ndefu ya vyakula vya Kizungu, na mara nyingi ni kitu pekee hapo, pamoja na samaki, ambacho hakikusafiri kwa meli.

Viza ya siku 30 hutolewa ukifika, bure, kwa pasi karibu zote, ukionyesha uthibitisho wa hoteli na tiketi ya kurudi. Fomu ya IMUGA hujazwa mtandaoni ndani ya saa 96 kabla ya kuingia, na pia kabla ya kutoka. Ni bure, tovuti inayokutoza si ya serikali. Anayetoka Kenya, Uganda, Burundi au Kongo abebe kadi ya chanjo ya homa ya manjano, aliyochanjwa angalau siku 10 kabla, na Mtanzania naye asiiache nyumbani. Mabegi hupitishwa kwenye mashine ukiingia: pombe huwekwa kando na kurudishwa ukitoka, na sigara za elektroni zimepigwa marufuku tangu Novemba 2024. Plagi ni ya pini tatu kama zetu, hilo angalau halina mzigo.

Kwa mzamiaji, sheria ya nchi ni mita 30, na baada ya mzamio wa mwisho acha saa 24 kabla ya ndege ya kimataifa. Uliza kisiwa kilicho na chemba ya kutibu ugonjwa wa mgandamizo ni kipi na unafikaje hapo usiku, maana ndege za majini usiku zimelala.

Kabla ya kulipa, kuna njia fupi zaidi kwa mtu wa Nairobi ambayo mawakala wa Dubai hawana sababu ya kukutajia. Ushelisheli ina atoli zake za mbali, nayo ina ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi Mahé. Alphonse iko kilomita 400 hivi kusini-magharibi mwa Mahé, saa 1 kwa ndege ndogo inayoruka siku maalumu za wiki. Ukikosa siku hiyo unasubiri nyingine, kwa hiyo siku ya ndege ndiyo inayopanga likizo yako yote. Vyumba juu ya maji hakuna. Kuna mabwawa ya mchanga ya St François, ambako wavuvi wa ndoano ya manyoya hulipa pesa nyingi kuwakamata karambisi na mwatiko, wakawapiga picha, wakawaachia waende zao. Mvuvi wa Shela au Nungwi akisikia hivyo atauliza mara mbili kama amesikia sawasawa.